Kijahazi hakiendi: kutafuta kasoro kwenye mchezo wa ubongo na mkono

Meza yenyewe ni ya mninga, urefu mita moja na nusu. Juu yake vimekaa vijahazi viwili vya mbao, kila kimoja kinavutwa kwa kamba ya nailoni na mota ndogo iliyofichwa mvunguni. Wachezaji wawili wanakaa wakitazamana. Kila mmoja amevaa mkanda wa kichwa wenye elektrodi zinazosoma umeme wa ubongo, kile kipimo ambacho hospitalini huitwa EEG, na mbele yake ana usukani wa kuzungusha kwa mkono pamoja na vipande vinne vya mbao vya kuchomeka kwenye matundu: tanga kubwa, tanga dogo, nanga na kasia. Upepo unatoka kichwani, uongozi unatoka mkononi. Ukitulia kijahazi kinasonga, ukipapatika kinasimama.

Wazo la kushinda kwa utulivu si letu. Karibu na mwaka 2000 Interactive Institute ya Sweden ilitengeneza Brainball: watu wawili ncha mbili za meza, na mpira unaomkimbia yule aliyetulia zaidi mpaka uingie golini kwa mwenzake. Mwaka 2009 Mattel wakatoa Mindflex, ambapo kichwa kinaongeza nguvu ya feni inayoinua kimpira, huku mkono ukizungusha kitufe ili kimpira kipite kwenye vikwazo. Sisi tulichanganya mawazo hayo mawili, tukarithi na kasoro za pande zote mbili.

Nimepanga mwongozo huu kwa malalamiko, jinsi yanavyotoka vinywani mwa wachezaji. Kanuni yangu ni moja tu: ubongo ni mtuhumiwa wa mwisho. Kabla yake kuna ngozi, nywele, waya, misuli, saa za kompyuta, na sheria za mchezo ulizoziandika mwenyewe saa nane usiku.

"Kinakwenda chenyewe, na mimi sijavaa kitu"

Hili ni lalamiko la heri, maana linakufichulia aibu kabla wageni hawajafika. Mkanda uko mezani, hakuna kichwa ndani yake, na kijahazi kinachapa mwendo kuelekea bandarini.

Umeme wa ubongo ukishafika kwenye ngozi umebaki maikrovolti kumi hadi mia hivi, na maikrovolti moja ni sehemu ya milioni ya volti. Elektrodi isiyogusa kitu inageuka antena. Inadaka umeme wa ukutani, ambao huku kwetu kama kule Ulaya unapiga Hz 50, yaani mara 50 kwa sekunde, na Marekani Hz 60. Ni mkubwa kiasi kwamba unavuja hata kupitia chujio la programu, na elektrodi ikitikisika hewani inazaa mawimbi ya kila aina, yakiwemo yanayofanana na yale unayoyatafuta.

Cha kwanza, chomoa chaja ya laptopu. Nusu ya matatizo yetu ya mwezi wa kwanza yaliisha hapo. Na hapa sina mjadala: kifaa kinachogusa kichwa cha mtu kiendeshwe kwa betri, kisiunganishwe kwa waya na kitu chochote kilichochomekwa ukutani. Hilo si suala la usafi wa data, ni suala la uhai.

Cha pili, valisha tikiti maji. Sifanyi mzaha. Lipanguse kwa kitambaa chenye maji ya chumvi, lifunge mkanda, liache mezani dakika tano mchezo ukiendelea. Tikiti lina maji na chumvi kama sisi, ila halina ubongo. Kijahazi chake kikifika bandarini, ujue unachosoma ni kelele, yaani umeme usiotoka kwenye ubongo. Tikiti letu la kwanza lilimshinda fundi seremala mara mbili mfululizo, na hajatusamehe.

Tikiti likiendelea kushinda hata baada ya chaja kuondoka, tazama mota. Chomoa waya za mota peke yake, acha programu iendelee kudhani inaendesha. Kama mstari wa mawimbi unatulia papo hapo, umempata mwizi. Kwenye meza yetu mota ilikuwa inajilisha yenyewe: kelele yake ilihesabiwa kuwa upepo, upepo ukaizungusha zaidi, ikapiga kelele zaidi. Dawa yake: mota ziwe na betri yake, waya zake zisokotwe pamoja, zipite mbali na kichwa, na ikilazimu kukutana na waya wa elektrodi, zikatane kama njia panda, zisiende sambamba.

Kuna na sababu ya kipuuzi ambayo ilitula siku nzima. Bluetooth ilikatika, programu ikabaki na namba ya mwisho iliyopokea, na namba hiyo ilikuwa ya utulivu mkubwa. Sasa tumeandika hivi: nusu sekunde ikipita bila data mpya, upepo ni sifuri na taa inageuka nyekundu.

"Mstari umelala tu"

Au umepanda hadi juu ya skrini ukakaa hapo. Hii ni ngozi au nywele, mara chache ni waya uliokatika ndani ya plastiki.

Kwenye paji la uso, adui ni mafuta na vipodozi. Kitambaa chenye spiriti kidogo, sugua polepole, subiri pakauke. Kibanio cha elektrodi ya sikioni kikigongana na hereni, hamishia sikio la pili. Jasho lina tabia mbili: mwanzoni linasaidia, maana linapitisha umeme, halafu linaharibu. Dar es Salaam mwezi wa Februari, baada ya dakika kumi mstari unaanza kupanda na kushuka taratibu kama maji kupwa na kujaa, na jasho likishaungana kutoka elektrodi moja hadi ya pili, zote mbili zinasoma kitu kilekile. Feni itasaidia, mradi isipeperushe waya.

Nywele ndizo zinazostahili maelezo marefu. Vifaa vingi sokoni vimetengenezwa na watu waliokuwa na nywele laini zilizonyooka akilini. Elektrodi kavu yenye vimeno vifupi haifiki kwenye ngozi ya kichwa chenye nywele nzito za kipilipili, na juu ya rasta au wivingi haifiki popote. Mchezaji anaambiwa "kichwa chako hakisomeki", maneno ambayo hakuna mtu anayestahili kuambiwa. Arnelle Etienne, akiwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani na maabara ya Pulkit Grover, alilitazama tatizo upande wa pili: badala ya kulazimisha nywele zifuate kifaa, nywele zisukwe mistari kufuata sehemu za kupimia, na elektrodi zishikwe na vibanio vinavyokaa katikati ya mistari. Waliviita Sevo, yaani ubongo kwa Krioli ya Haiti. Kwa hiyo kama mchezo wako unasoma nyuma ya kichwa, msusi ni mmoja wa mafundi wako. Mwonyeshe kwa kidole mahali ngozi inapotakiwa kuonekana. Twende kilioni iliyopangwa vizuri inatupa mawasiliano safi kuliko jeli nusu kopo.

Na adabu. Kichwa cha mtu hakishikwishikwi. "Dada, naomba nisogeze hapa," halafu unasubiri jibu. Mwenye mtandio apewe kioo na chumba, avae mkanda mwenyewe chini ya mtandio wake. Ukikaa vizuri, kitambaa kinaushikilia mkanda kuliko gundi.

"Aliyeuma meno ndiye aliyeshinda"

Toleo letu la kwanza lilipima "umakini" kwenye paji la uso. Mchezaji mmoja, mvulana wa sekondari, aligundua ndani ya robo saa kwamba ukikunja uso na kuuma meno, kijahazi kinaruka. Alikuwa sahihi na sisi tulikuwa waongo.

Misuli ya taya na paji la uso inatoa umeme mkubwa kuliko wa ubongo mara nyingi, na umetapakaa kuanzia Hz 20 hivi hadi mamia. Ukipima beta, yale mawimbi ya haraka ya ubongo, kwenye paji la uso, sehemu kubwa ya unachokipata ni nyama, si fikra. Jipime mwenyewe: vaa mkanda, tazama mstari, uma meno. Ukiona msitu umeota kwenye skrini, unajua. Kupepesa macho nako kunatoa kilima kimoja kikubwa cha polepole, rahisi kukitambua.

Tulihamia kwenye alfa, wimbi la polepole zaidi, kati ya Hz 8 na 12 hivi, ambayo inasikika vizuri nyuma ya kichwa, mahali panapoitwa O1 na O2. Nyuma ya masikio nako inaonekana, ila hafifu. Ndiyo wimbi aliloliona Hans Berger huko Jena, Ujerumani, aliyeanza kurekodi vichwa vya watu mwaka 1924 na kuchapisha mwaka 1929: mtu akifumba macho linapanda, akifumbua linashuka. Mpaka leo sijaona kipimo kizuri zaidi cha kuhakikisha kifaa chako kinasoma ubongo. Fumba, hesabu kumi, fumbua. Kama hakuna kilichobadilika, usiendelee na kitu kingine chochote. Rudi kwenye ngozi na nywele.

Meno tumeyawekea sheria: nishati ya kati ya Hz 30 na 45 ikizidi kizingiti, tanga linakunjwa sekunde mbili. Wengine wanaamua kuifanya misuli iwe sehemu ya mchezo, na sina ugomvi nao, mradi wasiandike mlangoni kwamba ni mchezo wa ubongo.

"Nikishika usukani tu, upepo unakata"

Hapa ndipo penye mchezo wenyewe. Wachezaji wengi hulileta lalamiko hili wakidhani wameharibu kitu, na mara nyingi hawajaharibu. Mambo matatu yanatokea kwa pamoja mkono unapoenda kwenye usukani.

La kwanza ni la kimwili: bega linasogea, kichwa kinainama, mkanda unateleza nusu milimita, mstari unarukaruka. Hilo utaliona kama vilima visivyo na mpangilio. Waya fupi na mkanda mpana vinapunguza, na usukani ukiwekwa karibu na tumbo la mchezaji badala ya katikati ya meza, bega linabaki mahali pake. Tulisogeza wetu sentimita 20, ikawa kazi ya dakika tano iliyoshinda wiki mbili za programu.

La pili ni macho. Mchezaji akitafuta kipande cha tanga mezani, anatazama kwa bidii, na alfa ya nyuma ya kichwa inashuka. Ndivyo ilivyoumbwa.

La tatu ni mkono wenyewe. Juu ya eneo la ubongo linaloendesha mikono, karibu na sehemu za kupimia ziitwazo C3 na C4, kuna mdundo mwingine wa Hz 8 hadi 12 unaoitwa mu. Mkono ukijiandaa kusogea, mdundo huo unafifia hata kabla kidole hakijagusa mbao. Kama elektrodi zako ziko katikati ya kichwa, umejenga mchezo unaomwadhibu mtu kwa kutumia mkono, halafu ukampa kitu cha kushika.

Sasa, hakuna chujio la programu litakalotibu la pili na la tatu. Dawa iko kwenye sheria za mchezo. Mkono na kichwa visigombanie sekunde moja. Tumejaribu njia nne.

Zamu ndiyo rahisi: sekunde nne za mkono, sekunde nne za upepo, kengele inagonga katikati. Inafanya kazi, lakini baada ya mizunguko mitatu inachosha kama gwaride.

Kuganda ni bora. Kwenye usukani tulibandika karatasi ya shaba inayohisi mguso. Ukigusa, upepo unabaki kwenye namba uliyokuwa nayo. Ukiachia, kipimo kinaanza tena baada ya sekunde moja. Mchezaji anahisi kama nahodha: unatega upepo, halafu unautumia. Kasoro yake ni mjanja atakayetulia mara moja vizuri kisha akashikilia usukani mpaka bandarini. Kwa hiyo upepo ulioganda unapungua taratibu, na ndani ya sekunde sita umekwisha.

Njia ya tatu niliipenda tangu niliposoma kuhusu Bacteria Hunt, mchezo uliotengenezwa mwaka 2009 kwenye warsha huko Genova, Italia. Pale mchezaji aliongoza amiba kwa kibodi, na alfa yake ndiyo iliyoamua amiba inatii kiasi gani. Kichwa hakifanyi kazi ya mkono; kinaamua mkono utasikilizwa vipi. Kwetu imekuwa hivi: ukiwa na papara, mzunguko mmoja mzima wa usukani unageuza kijahazi kidogo tu, ukitulia, mguso mdogo unatosha. Hapo kushuka kwa alfa wakati wa kushika hakuonekani kama hitilafu. Kunaonekana kama bahari iliyochafuka.

Ya nne ni kugawa watu: wanne mezani, kila jahazi na baharia wa upepo na nahodha wa usukani. Baharia hagusi kitu, nahodha havai kitu. Kelele za kipimo zinakwisha karibu zote, na ni njia pekee inayomweka mtu asiyeweza kutumia mikono kwenye kiti kile kile chenye uzito kama wa wengine. Kwenye Cybathlon ya mwaka 2016 karibu na Zurich, watu waliopooza viungo vyote vinne walishindana mbio za kompyuta kwa ubongo pekee. Mezani kwetu mtu wa namna hiyo angekuwa na mwenzake wa kumlaumu kwa usukani, jambo ambalo naona ni nusu ya utamu.

"Kinachelewa kama basi la mkoani"

Hesabu kabla ya kulaumu Bluetooth. Wimbi la Hz 10 linachukua milisekunde 100 kwa mzunguko mmoja, nawe unahitaji mizunguko mingi ili kusema kwa uhakika kwamba limepanda. Ukitumia dirisha la sekunde mbili, yaani kipande cha rekodi kinachopimwa kwa mpigo mmoja, habari unayoipata ina umri wa sekunde moja kwa wastani. Ukilainisha namba ili kijahazi kisitetemeke, ongeza nusu nyingine. Redio nayo inachukua makumi ya milisekunde, wala si kitu.

Kishawishi ni kukata dirisha. Usikate hovyo. Dirisha la sekunde mbili linatenganisha mawimbi kwa hatua ya Hz 0.5, la nusu sekunde linatenganisha kwa hatua ya Hz 2, na alfa yote inabaki na nukta tatu. Umepata haraka ya kusoma kitu usichokijua.

Sisi tuliuacha ucheleweshaji, tukabadilisha kinachochelewa. Upepo halisi haubadiliki ghafla, na hakuna anayeushangaa ukija polepole. Usukani ukichelewa, hata kwa milisekunde 100 au 200, mkono unajua. Kwa hiyo usukani hauendi kwenye laptopu kabisa: unazungumza moja kwa moja na maikrokontrola, kijikompyuta cha chipu moja kilicho chini ya meza, na kijahazi kinageuka papo hapo. Ukitaka kichwa kipige risasi, kiruke au kikwepe, umechagua kiungo kisichofaa.

Kama ni lazima uchague kitu kwa haraka kidogo, tumia taa. Ukimeta taa kwa Hz 12 na mtu akaitazama, nyuma ya kichwa chake panatokea mdundo wa Hz 12. Skrini ya Hz 60 inagawanyika vizuri kuwa 10, 12 au 15 tu na wenzao wachache. Ukiiomba 13 itakudanganya. Taa ndogo iliyowekwa ndani ya kipande cha mbao inaweza kumeta Hz 13 kamili, ndiyo maana vipande vya kushika vinashinda skrini hapa. Kasoro inayojitokeza: taa zinatetemeka kila kipande kinapochomekwa. Sababu ni programu inayosimama kusoma tagi ya redio inayokitambulisha kipande, huku taa ikisubiri. Taa iendeshwe na taima ya chipu. Na uliza kwanza kuhusu kifafa, kila mtu, kila mara, na watazamaji pia. Desemba 1997 huko Japani katuni moja ya televisheni yenye kumeta kwa rangi nyekundu na buluu ilipeleka mamia ya watoto hospitali.

"Upepo ni wangu, mbona kinakwenda chake?"

Mikanda miwili ya aina moja inajitangaza kwa jina moja, na laptopu inaishika kwa mpangilio inavyojisikia asubuhi hiyo. Ifunge kwa anwani ya kifaa, si kwa jina, na uipake rangi. Kila mchezo kwetu unaanza kwa salamu: mwekundu afumbe macho, taa yake iwake, buluu afumbe, yake iwake. Sekunde ishirini, na umepima mawasiliano, alfa na nani ni nani kwa pamoja.

Saa ni kasoro ya chini kwa chini. Vifaa viwili vinavyosema vinapima mara 250 kwa sekunde havikubaliani kabisa. Tofauti ya sehemu 50 katika milioni inafika sekunde 0.18 kwa saa moja. Kwa upepo wa polepole haina neno. Kwa taa na mguso ina neno kubwa. Lab Streaming Layer, ambayo ni programu ya bure, inazilinganisha saa hizo, na matukio ya usukani yapewe saa pale yanapotokea, si pale yanapopokelewa. Mtu akikuambia mkono "unatangulia" ubongo kwenye rekodi zake, muulize saa ilipigwa wapi.

Kama data inakatikakatika tu watu wakiwa wengi chumbani, ni redio. Bluetooth na wifi zinagombania GHz 2.4, na chipu ya ESP32 ina redio moja inayogawana kazi zote mbili. Zima wifi kwenye meza.

Vya mkononi, haraka haraka

Usukani unaruka hatua mbili badala ya moja: vyuma vya swichi vinadundadunda. Puuza mabadiliko yote ndani ya milisekunde tano.

Kipande kimechomekwa na hakisomwi: tagi hizi za redio zinasomeka kwa sentimita chache tu. Skrubu, msumari au kipande cha bati nyuma ya kisomaji kinaua kila kitu. Visomaji viwili vikikaribiana vinaziba midomo. Viwashwe kwa zamu. Kisomaji cha RC522 ni cha volti 3.3, wengi hukichoma kwa 5 kisha wanalaani mbao.

Maikrokontrola inajiwasha upya kijahazi kikianza kusonga: mota imenywa umeme wote kwa mpigo. Betri tofauti tena, na kapasita kubwa karibu na mota.

"Yule hashindwi"

Alfa ya mtu mmoja inaweza kuwa mara kadhaa ya mwenzake hali wote wametulia sawa. Unene wa fuvu na nywele vinachangia, na wapo watu ambao haionekani kabisa. Ukitumia kizingiti kimoja kwa wote, umeandaa mashindano ya mafuvu. Kila mchezaji alinganishwe na yeye mwenyewe: dakika moja macho wazi, dakika moja yamefumbwa, na upepo uwe asilimia ya safari kati ya namba zake mbili. Mjanja atapapatika makusudi wakati wa kupimwa ili baadaye aonekane mtulivu, basi endelea kurekebisha kipimo polepole mchezo ukiendelea.

Halafu utagundua anayeshinda ni yule anayefumba macho. Tulitaka kulizuia, tukaanza kuandika programu ya kukamata kope. Fundi seremala ndiye aliyetuzuia: kwa nini asifumbe, kama usukani anaweza kuupapasa? Tukafuta kazi yote. Usukani sasa una meno yanayogonga kila nyuzi kumi na tano, unatetemeka kijahazi kikikaribia mwamba, na kila kipande kina umbo lake kwenye kidole. Tanga kubwa lina mkunjo, nanga ina ncha. Watu wanacheza macho yamefumbwa, vidole vinatembea mezani kama wanatafuta funguo gizani, na alfa iko juu bila kunung'unika. Skrini isingeweza kufanya hivyo.

"Wametuchekesha"

Watazamaji wakicheka, mchezaji anacheka, na mstari mzima unageuka misuli. Mwanzoni tulibandika tangazo la kimya, meza ikawa na hewa ya chumba cha mtihani na hakuna aliyerudi mara ya pili. Kuna na kasoro nyingine inayofanana nayo: aliyeachwa nyuma anahamanika, akihamanika upepo unapungua, akizidi kuachwa anahamanika zaidi. Mchezo unaamuliwa kwenye dakika ya kwanza.

Dawa moja ilitibu yote mawili. Aliyeachwa nyuma anapata haki ya utani: sekunde kumi za kusema lolote isipokuwa matusi, bila kumgusa mwenzake. Anayeongoza akicheka, tanga linakunjwa. Kicheko kikawa pigo halali badala ya uchafu wa data, na aliyekuwa amekata tamaa anapumua.

"Sijui kama ni mimi"

Hili halisemwi kwa sauti. Kila kitu kinafanya kazi, mistari ni safi, na mchezaji anatoka bila kujua kama alikuwa anaendesha au anaendeshwa.

Kipimo chake ni kikali. Waambie wachezaji kwamba baadhi ya mizunguko itaendeshwa kwa rekodi ya mtu mwingine, usiwaambie ni ipi, kisha waulize. Rekodi iwe ya mtu aliyekubali, bila jina; data ya mwili wa mtu inalindwa na sheria, ya mwaka 2019 kwa Kenya na ya 2022 kwa Tanzania. Tulipojaribu, dada mmoja alicheza dakika sita kwa upepo wa mtu wa jana yake, akashinda mara mbili, akatueleza siri yake kuwa ni kufikiria maji ya mtoni. Tulimwambia ukweli. Alinyamaza, halafu akauliza, "Na yule wa jana alikuwa anafikiria nini?"

Tulichopungukiwa ni kitu cha katikati. Upepo ulikuwa unaonekana kwenye mwendo wa kijahazi tu, ambako umechanganyika na usukani, msuguano wa kamba na mwamba. Tukaweka kipande cha hariri chepesi pembeni ya kila mchezaji, mbele ya feni ndogo inayofuata alfa yake na si kitu kingine. Kinapepea karibu na shavu, unakihisi hata macho yakiwa yamefumbwa.

Wiki iliyofuata dada yule alirudi. Mzunguko wa tatu tulimwekea rekodi. Haikupita dakika akavua mkanda, akauweka mezani taratibu. "Huu si wangu," akasema.